Ubao Haulali Humu

Kila mwezi ubao wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba:
karatasi mbili tatu zimebanwa kwa chuma,
siku ya taka za chupa, siku ya kufagia mfereji,
na chini kabisa, safu ya majina.
Ukishasoma unagonga muhuri wako mwekundu,
unavaa viatu, unampelekea jirani.

Nilipoolewa hapa Yokote nyumba zilikuwa kumi na moja.
Yetu ya nne. Ya tano, ya kina Sugawara.
Mama mkwe alinionya: Ubao haulali humu.
Hakuniambia kwamba hauendi peke yake.
Hilo nilijifunza mlangoni kwa Shigeko:
nilimpa ubao, akanipa figili zilizokaushwa kwa moshi;
mwezi uliofuata nikapeleka mayai,
bakuli likarudi na maharage,
kwani bakuli la jirani halirudi likipiga miayo.

Tulizaa mwaka mmoja. Tetsuo wangu, Noriko wake.
Ua wa mbao baina yetu ulikuwa na tundu;
watoto walilipanua kwa makusudi
na sisi tukajifanya hatulioni.

Kisha kikaja kipupwe cha theluji kimo cha madirisha.
Mume wangu Kosaku alipanda kuparua paa,
theluji yetu ikaporomokea kwao,
ikauvunja mplamu
alioupanda marehemu baba yake Yasuji.
Ajali, alisema Kosaku.
Ajali ya miaka mingapi mfululizo? alijibu Yasuji.
Neno likazaa neno. Wanaume wawili, mabeleshi mkononi,
pumzi zao zikifuka kama vyungu viwili
vya mafiga mbalimbali.

Tundu likazibwa kwa bati.

Miaka kumi na tisa
ubao ulipita bila kengele kupigwa.
Niliuegemeza mlangoni kwake, nikageuka.
Muhuri wao ulikaa chini ya wetu, mwezi baada ya mwezi,
majina yetu yakigusana karatasini
sisi wenyewe tukipishana kwa kikohozi.
Asubuhi za theluji kila mmoja alizoa hadi mpakani,
mpakani hasa, hata kiganja kimoja zaidi, la,
pakabaki kati yetu ukingo mwembamba, mweupe,
usio wa mtu.

Hakuna aliyeomba radhi. Nasema kweli.
Kosaku alikufa mwezi wa pili.
Yasuji alikuja mazishini, akaketi nyuma,
akaondoka kabla ya chai.
Kesho yake nikakuta njia imezolewa
kutoka kizingiti changu hadi barabarani,
na ule ukingo haupo.
Sikwenda kushukuru.
Nilichemsha maharage sufuria nzima,
nikayala peke yangu siku tatu, nikiona haya.

Sasa nyumba ya kwanza ina kufuli lenye kutu.
Ya pili wamepanga mabinti wa Vietnam, wauguzi;
Hanh husoma ubao kwa simu yake, kisha hucheka,
hugonga muhuri kichwa chini miguu juu.
Ya tatu paa liliingia ndani, hakuna aliyesikia.
Tetsuo hupiga simu Jumapili. Noriko yuko Sendai.
Yasuji yumo katika nyumba ya wazee,
kila mwanamume anayepita humwita Kosaku
na humuuliza kama paa limeshaparuliwa.

Shigeko haoni tena herufi ndogo.
Napiga kengele. Naingia bila kungoja.
Namsomea taka za chupa, mfereji,
tangazo la dubu aliyeonekana karibu na shule iliyofungwa.
Kidole chake kinatetemeka, nakishika, tunagonga pamoja.
Bonyeza zaidi, ananifokea, unaogopa nini?

Ya sita haina mtu. Wala ya saba.
Ilinipasa kuupeleka ubao kwa Kudo, kule mwisho,
lakini giza limeingia na miguu si ile.
Uache hapa, anasema.
Nauegemeza ukutani, kando ya bakuli langu
ambalo amelikalia tangu mwaka wa mplamu.
Acha ulale humu.
Nitaufuata kesho, na figili.