Vinia Arobaini

Julai, Mafinga. Baridi imelala chini ya milango
kama mbwa asiyefukuzika,
kwa hiyo milango imefungwa,
na gundi inapumua humu ndani pamoja nasi.

Nimekuja na kipima hewa kizito kama nusu tofali,
na mrija mwembamba niliombandika Vumilia Kikoti
kwenye kola, karibu na mdomo,
pale hewa ya kiwanda inapogeuka kuwa yake.

Mashine inafunguka.
Kinachotoka hakina rangi.
Mshale unaruka, unatetemeka, unarudi.
Paka wa stoo alishaondoka;
yeye hakuhitaji mshale.

"Macho yanawasha?" nauliza, kalamu juu ya fomu.
Fomu ina visanduku vitatu: kidogo, kiasi, sana.
Anacheka, machozi yakimshuka.
"Nimeshazoea, bwana mpimaji."
Hakuna kisanduku cha nimeshazoea.

Pua ni muungwana, husamehe siku ya tatu.
Koo huweka daftari.

*

Mezani, Iringa mjini, tulikuwa saba na chupa mbili za chai.
Mhandisi Mgovano alisema wastani wa saa nane uko salama,
na kweli ulikuwa salama; niliujumlisha mwenyewe, mara mbili.
Lakini mimi nimezaliwa Mufindi.
Nimeliona shamba la baba likiamka jeusi asubuhi moja ya Juni.
Jani la chai haliungui kwa wastani wa mwaka.
Linaungua kwa sakitu ya usiku mmoja,
saa kumi hadi kumi na moja alfajiri,
watu wakiwa wamejifunika gubigubi.

Nikasema hivyo. Mtu akakohoa.
Kwenye muhtasari ikaandikwa:
Mjumbe alitoa mfano wa chai.

Tukasoma basi habari za vijana wa mbali
waliokaa kwenye chumba cha kioo, wazima, wakilipwa,
wakipewa hewa kama dawa, kijiko kwa kijiko,
wakibonyeza kitufe macho yalipoanza kulalamika.
Hakuna aliyekuwa na mimba ya miezi mitano.
Hakuna aliyekuwa na pumu,
wala msimamizi mgongoni, wala ada ya shule inayodaiwa.
Namba yao tukaigawa: mara moja kwa ajili ya walio dhaifu,
mara moja kwa ajili ya tusichokijua.
Kwa tusichokijua, Mgovano alitaka tugawe kwa mbili.
Mimi nilitaka kumi.
Tulibishana hadi chai ikaota utando,
na ujinga wetu, kwa kauli moja, tukaukadiria kuwa tatu.

*

Nikarudi na namba iliyopigwa muhuri.
Dakika kumi na tano, isivukwe; kisha mtu atoke, apumue.
Vumilia akaisikiliza kama mtu anayetajiwa bei.
"Na hizo dakika nazihesabuje?"

Simu hukusanywa getini. Saa ya ukutani
ilikufa siku umeme uliporudi kwa hasira.
Nikavuta mkono wa sweta langu, nikaificha yangu.

Yeye akakunja vidole.
"Mashine ikifunguka mara tano, vinia nane kila mara.
Zikifika arobaini, ulimi hauonji tena chumvi.
Ndizo hizo?"

Nikapima. Ndizo hizo, zimepungua sekunde chache.

Mama yake alimpa jina hilo mwaka wa njaa.
Hakukusudia hiki.

Nikaazima chaki nyekundu ya seremala,
na kwenye nguzo, chini ya tangazo lenye muhuri, nikaandika:
VINIA AROBAINI, KISHA NJE.
Akasoma kwa sauti. Akaifuta arobaini kwa kiwiko,
akaandika thelathini na tano,
herufi zikipanda mlima.

"Na hizo tano?" nikauliza.
Hakujibu. Alilifunga koti lake, kifungo cha mwisho
kikakataa kufika juu ya tumbo.

Mlango ukafunguliwa.
Wa kwanza kulalamika baridi nilikuwa mimi.