Kilo Kumi na Moja

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Ilinikuta Katumba, kati ya chai na migomba,
kishikwambi kifuani, ndani ya mfuko wa mbolea,
maana mimi nikilowa nitakauka,
data ikilowa, Mbeya watauliza.

Mhojiwa namba mia mbili na sita
alikuwa jikoni, anamenya viazi.
Jina lake sikutakiwa kulijua.
Aliniambia kabla sijakaa:
"Ambakisye. Kliniki huandika Ambrosi."

Nikamsomea ridhaa. Nilipofika
*unaweza kujitoa wakati wowote*
akacheka peke yake:
"Nilishajitoa, dada. Walinirudisha kwa kamba."

Swali la tisa: umewahi kufungwa?
Akavuta mkono wa sweta ukafunika kifundo.
Nikabonyeza ndiyo.

Swali la kumi na nne: sauti?
"Zipo. Siku hizi zinanong'ona,
kama wageni walioambiwa ndani kuna mgonjwa."
Nikatafuta kisanduku cha wageni.
Nikabonyeza *wakati mwingine*.

Tukafika la ishirini na saba.
Kwa kipimo cha moja hadi tano,
moja hujaridhika kabisa, tano umeridhika sana,
unaionaje huduma unayopata?

Akaweka kisu chini.
"Kumi na moja."

Moja hadi tano, kaka.

"Kumi na moja. Sikiliza.
Kabla ya sindano nilichuma kilo arobaini,
zile siku nisizokimbizwa.
Wakanichoma. Walionikimbiza wakaondoka,
wakaondoka na vidole vyangu.
Chai haitaki nguvu, inataka vidole vyenye akili.
Nikafika mizani na kilo nne,
karani akaniuliza: umechuma au umeokota?
Kliniki nako wananipima. Kila mwezi.
Uzito, presha, wanaandika *yuko sawa*.
Nilikuwa sawa, na kilo nne.

Mwezi wa nane akaja nesi mgeni, Tuntufye,
mfupi, mafua hayamwishi,
akaniuliza: chai inakwendaje?
Chai! Kliniki!
Nikamwambia nne.
Akaipokea mikono yangu kama mtu anayepokea mayai,
akaitazama inavyotetemeka,
akaenda kubishana na daktari nyuma ya pazia.
Tulimsikia wote kwenye benchi.
Wakapunguza dozi, wakaniongezea kidonge cheupe,
mwezi kinapokuwepo.
Jana, kumi na moja.
Hiyo ndiyo huduma. Andika."

Nikaandika.
Kishikwambi kikatoa maandishi mekundu:
*jibu liko nje ya kipimo.*
Nikaandika tena, taratibu,
kana kwamba tatizo ni haraka yangu.
Nje ya kipimo.

Mama yake akasema kutoka mlangoni:
"Mpe tano, mtoto wa watu aende, mvua imepungua."
"Tano ni uongo, mama. Tano ilikuwa mwezi wa tisa."

Ipo namba tuliyofundishwa semina ya siku tatu,
pamoja na chai na maandazi: tisini na tisa,
*jibu halikupatikana*.
Nikaibonyeza huku ananitazama kidole.
Swali la ishirini na nane likafunguka papo hapo,
halikuwa na kinyongo na mtu.

Ripoti itatoka. Itakuwa na wastani,
wastani utakuwa na nukta,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo,
majibu yaliyokosekana: moja.
Nitakaposoma hapo nitasikia kisu
kikiwekwa juu ya jiwe la jikoni.

Wakati wa kuaga alinitafutia viazi, akavichagua
kimoja kimoja kwa vidole vile,
viwili vikamponyoka, akaviokota, akavipangusa.
Sikuwa na pa kuvitia.
Nikautoa mfuko wa mbolea.
Ndaga, nikamwambia. Ndaga fijo.

Mama alikosea, mvua haikuwa imepungua.
Viazi vilifika Mbeya vikavu.