Sufuria ya Marehemu Ola

Baba aliisugua kila mwaka kabla ya Krismasi
kwa chumvi na siki, mpaka ikaiva wekundu
kama shavu la mtoto aliyetoka kwenye theluji.
"Tazama chini yake," angesema. "O.B.
Ola Brattlien. Babu wa babu wa babu yako.
Sisi ni watu wenye ardhi, Åshild. Usisahau."

Sikusahau. Tulimzika mwezi wa pili,
udongo umeganda hata koleo likilia,
kisha nikapanda treni kwenda Hamar
kuitafuta hiyo ardhi kwenye karatasi.

Hati ya kwanza ni ya mwaka 1774.
Mipaka: kutoka jiwe lenye ufa hadi mti wa betula,
kutoka betula kufuata kijito mpaka kwenye kinu.
Betula haipo. Kijito wamekitia bombani.
Lakini majina yamesimama, baba kwa mwana,
muuzaji, mnunuzi, mashahidi, mhuri mwekundu uliopasuka,
na sisi hatumo.

Nikasoma tena. Hatumo.
Si kwenye mauzo, si kwenye urithi,
si hata kwenye kesi ya uzio na nguruwe.

Mtunza nyaraka, bwana mwenye sweta iliyotoboka kiwiko,
akanisogezea kitabu kingine.
"Jaribu mali ya marehemu," akasema.
"Walio hai huficha. Maiti huhesabiwa mpaka kijiko."

1812. Ola Brattlien amefariki.
Karani anapita chumba hadi chumba:
ng'ombe watatu, mmoja chongo;
sanduku la buluu, ufunguo hauonekani;
Biblia, jalada limeliwa na panya;
kitanda alichofia.
Kisha, ukurasa wa nyuma, chini ya Wanaodaiwa:
Torsten, wa kibandani,
sufuria ya shaba, moja. Haijarudi.

Nilicheka. Yule bwana akainua kichwa.
Nikacheka mpaka machozi yakageuka kuwa ya namna nyingine.

Kumbe Brattlien haikuwa damu. Ilikuwa anwani,
mahali pa kumpata Torsten nyasi zikitaka kukatwa,
siku mia kwa mwaka, ndiyo kodi ya kibanda.
Wanawe walipofika mjini wakaulizwa jina,
wakataja walikotoka. Basi.
Nguo ya kuazima haisitiri, wanasema.
Hii imetusitiri miaka mia mbili.

Lakini ule ulikuwa mwaka wa njaa.
Meli za nafaka zimezuiwa baharini,
shayiri imeungua kwa barafu ikiwa ingali changa.
Watu walibandua magome ya misonobari,
wakayachemsha yapungue uchungu,
wakayasaga na kuuita ule unga mkate.
Magome hayachemkii kiganjani.
Kitabu cha kanisa kinasema: kibandani, watoto sita.
Mwaka uliofuata, watano.
Watano! Nimekipigia mstari kwa kucha, hewani,
maana kalamu hairuhusiwi mle ndani.

Na chini ya deni kuna sahihi, T.H.S.,
herufi zimelewa, zinaegemeana,
na karani ameongeza: mkono ulishikwa.
Torsten hakujua kuandika.
Mtu alimshika mkono, akamwongoza
kukiri kwamba anadaiwa.
Angeweza kusema sijui, labda iliibwa.
Hakusema. Wala hakuirudisha.

Dawa ya deni kulipa, sawa, lakini nimlipe nani?
Shamba limeuzwa mara nne.
Sasa ni la kampuni ya Oslo
inayokodisha, Mungu anisamehe, vibanda,
kwa watu wa kuteleza theluji, bei ya wikendi.

Usiku huu nimeisugua mwenyewe.
O.B. inawaka chini ya taa ya jikoni.
Nimechukua msumari wa baba,
nikakwaruza kando yake T.H.S.
Nilitumia mkono wa kushoto
ili herufi zitetemeke.