Ng'ombe Tisa

Mjane Antje, wa bonde la Hakensaki, Nyu Jezi, akimwambia mjukuu wake cha kuandika. Majira ya baridi, 1783.

Leta wino, Jakomina,
usije ukagandana,
tuhesabu kwa bayana
ng'ombe wangu wa zizini.

Walikuwa tisa wote,
wa maziwa siku zote;
sikumnyima yeyote
jibini hapa bondeni.

Kisa cha kwanza ni kodi:
chai, karatasi, hadi
vioo; kisha zaidi,
za mtawala Londoni.

Wanangu wakagombana,
mate wakirushiana;
Weseli, wangu kijana,
kaingia uasini.

Barenti, mwenye upendo
wa sheria na mwenendo,
alifuata mkondo
wa jeshi la bandarini.

Kwaku, msagaji kwetu,
tulomwita "mtu wetu",
hakulipwa hata kitu,
miaka kumi kinuni.

Novemba, mvua na tope,
waasi, sura nyeupe,
wakilia, "Mama, nipe
kilichobaki chunguni."

Walichukua watatu,
wasio hata viatu;
wakaniandikia tu:
"Bunge litalipa deni."

Kesho yake, wa nyekundu,
kupekua kila tundu,
wakachukua na mundu
uliokuwa darini.

Ng'ombe wawili na ndama
wakaenda; akasema
afisa, kauli njema:
"Taji litalipa deni."

Mmoja, bado mtoto,
alisota hadi moto,
akaniita, kwa ndoto,
jina la mama, Heseni.

Nikampa supu. Mwana
wa adui, na wa jana,
njaa yao yafanana
na ya wangu wa vitani.

Desemba, mto kuganda,
waasi kwa boti wenda,
asubuhi wakashinda
Wajerumani kambini.

Weseli kaleta neno:
baridi yenye mameno
vidole yala vitano
vya mguu, kule lindoni.

Noti za Bunge zikawa,
gunia zima kutowa,
ndipo chumvi kuuziwa
kiasi cha kiganjani.

Miaka sita, kwa zamu,
huyu kaja na wazimu,
yule kaja na hukumu;
tukalala vichakani.

Nikafukia birika
na vijiko, kwa haraka,
pahala sijakumbuka
hadi leo, kabejini.

Kwaku, usiku wa giza,
kinu akakilegeza,
unga wote akasaza,
akashika njia pwani.

Tangazo liliahidi:
mtumwa wa mkaidi
akija, ni huru hadi
siku ya kuzikwa chini.

Nilimwita mwizi, mimi,
kwa kinywa na kwa ulimi;
kumbe ile yake kumi
sijailipa thumuni.

Wafaransa wakatua
na ghuba kuizuia,
jeshi jekundu kutoa
silaha zake, kusini.

Barenti hakurejea.
Homa ilimchukua;
hapana anayejua
amelala shimo gani.

Weseli karudi chopi,
akauliza, "Yu wapi?"
Nduguyo? Nijibu vipi?
Kakaa kizingitini.

Hakulia. Akavua
kiatu, akachezea
kijiko; nikatambua
cha nduguye utotoni.

Taji lilipoondoka,
merikebu kujazika,
Kwaku pia akavuka
kwenda ng'ambo, baridini.

Jirani kamwona juu,
koti lake kuukuu;
hakugeuza maguu
kuiaga yetu pwani.

Mjini fataki, pombe,
kila mtu na kikombe;
nami nauliza: ng'ombe
wangu watalipwa lini?

Karani wa serikali
kaikunja hati mbili,
akanijibu, "Muhali,
hazina haina ndani."

Watatu walobakia,
mmoja alijifia,
mwingine nikachinjia
matanga hapa uani.

Wa tisa yupo; maziwa
haba akikamuliwa;
"Uhuru" kabandikiwa
nawe, kwa wako utani.

Fungua safi kurasa,
uandike, pasi kosa:
"Kwaku; kumi; bila pesa;
mimi nina lake deni."

Kauka, wino, kauka.
Nje theluji inashuka;
wa tisa anaitika
sijui nani, zizini.