Bendera ya Rangi ya Chungwa

Jiwe nililoliokota Jumanne, kabla ya mvua,
lilikuwa na ngozi.
Ukilipitishia kidole gumba linateleza kama ulimi.
Chini ya lenzi ngozi ile ni mji:
mwani wenye maganda ya kioo umepanga vyumba vya mbele,
bakteria walao amonia wanakaa ua wa nyuma,
kazi yao haina mshahara wala likizo,
na wawindaji wa seli moja wanapita wakionja kila mlango.
Hapo ndipo Mto Allegheny unapopumulia.
Sikulijua hilo mpaka nilipoajiriwa kuwahesabu.

Alhamisi, saa nane usiku,
mvua iliishukia Pittsburgh kama madeni yote yamedaiwa siku moja.
Ikapiga mabati ya gereji za Millvale,
ikateremka ngazi za Troy Hill,
ikaingia matundu ya barabara
ambako waliotutangulia walijenga kwa matofali
bomba moja la mambo mawili,
mvua na choo.
Bomba moja, koo moja.
Koo likijaa, hutapika.

Mlango wa chuma chini ya daraja ukainuka kama kope
na ya kila nyumba yakatoka:
povu la sabuni, mafuta ya kukaangia soseji,
na yale tunayoyamwagia maji tukiwa tumegeuza uso.

Alfajiri bendera ya chungwa ilikuwa juu.
Kocha Yurick akafunika mitumbwi ya mashindano bila neno.
Kijana mmoja, kasia begani, akaniuliza mimi
(nadhani kwa sababu ya glavu):
“Mpaka lini?”
Siku tatu, nikamwambia. Labda nne.

Maana mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
na wageni hawa hawana mkono wa kushika jembe.
Wametoka kwenye joto la matumbo yetu,
gizani, mezani pasipokauka chakula.
Mto unawabana kwa baridi, jua linawachoma,
na wale wawindaji, wachache waliosalia,
wanawala kwa fujo ya harusini.
Ijumaa sahani zangu zilijaa madoa ya buluu, hayahesabiki.
Jumatatu, kumi na tisa.
Bendera ikashushwa. Makasia yakarudi majini.

Ripoti inaishia hapo.

Haisemi kwamba jiwe lilibaki uchi,
mchanga umelisugua usiku kucha;
kwamba waliotangulia kurudi ni wale wa kunenepea makombo,
nyuzi za kijivu, zenye haraka,
na walao amonia, wazito wa kuzaa,
wiki ya pili bado sijawaona.
Mji unajengwa, lakini mitaa ina majina mengine.

Wala haisemi habari za sahani moja
niliyoitia dawa, iliyopaswa kubaki safi.
Ilikuwa na doa. Dogo, kama punje ya uwele.
Nikalikuza, nikalisoma:
hakuwa mgeni wa matumboni.
Mwenyeji. Mzaliwa wa mtoni,
na mkononi ana ufunguo wa dawa ya binadamu.
Mgeni alikufa, sawa.
Alikufa akiwa ameshaurithisha.

Mama yangu, Ludmila, ana kidonda cha mguu.
Siku kumi, vidonge vyeupe, asubuhi na jioni.
Nyumba yake iko juu kilimani
na bomba lake linashuka huku huku.
Siwezi kuthibitisha kitu. Punje ya uwele haina anwani,
na vilima vyetu vina wagonjwa wengi.
Ila usiku ule matone ya kwanza yalipogonga kioo
nilikuwa kwake, nikimwaga beseni lake chooni.
Nikabonyeza. Nikayasikia maji yakienda.
Nikafunga mlango.

Jiwe nimeliweka dirishani, ndani ya bakuli la maji ya mto.
Kila asubuhi nalipitishia kidole gumba.
Bado linakwaruza.