Rangi Iliyobaki Koponi

Ilianza na kopo la bluu
lililobaki tulipomaliza kuandika namba magunia,
msimu ule mnada ulipochelewa.
Kutupa ni dhambi, nikasema,
nikaenda nalo nyumbani chini ya kanga
kama mwizi wa sukari.

Banda lilikuwa la kuku.
Kideri kilipita Newala nzima
kikatuachia manyoya na ukimya.
Nikafagia siku mbili, nikapaka chokaa.
Ausi akang'oa bati moja, akaweka la plastiki, lile jeupe:
"Haya, jua lako hilo. Lisije likadai kodi."

Turubai sina. Nina magunia.
Lililotoboka halirudi ghalani;
nalivuta juu ya mbao alizobakiza fundi Chilumba,
nalipaka uji wa muhogo, likauke, likaze,
hadi ukiligonga kwa kidole linaitika.

Nyekundu sikuinunua.
Nyekundu iko njiani, iko kwenye soksi za wanafunzi.
Naitwanga, naichekecha kwa chekecheke ya unga
(mama mkwe asijue),
naikoroga na gundi ya mbao.
Nyeusi ni masizi ya sufuria.
Njano ilinisumbua miezi mitatu.
Kahawia nilitaka kuikamua kwenye maganda ya korosho;
mafuta yake yakanibabua,
nikaenda mizanini vidole vimefungwa vitambaa.
Bwana Nampoto akauliza, "Umepika nini, Somoe?"
"Kivuli," nikamjibu.

Picha ya kwanza ilikuwa mbuzi.
Jirani akasema, "Kiti kizuri."

Sasa macho yameharibika.
Mkulima anapandisha gunia, mshale unatikisika,
nami natazama bibo mkononi mwa mwanawe:
pale karibu na korosho kuna zambarau,
nani aliiweka?
"Dada, kilo ngapi?"
Kilo. Naam.
Jana niliandika kwenye stakabadhi
*themanini na njano*.
Nampoto hakucheka. Alinisogezea kalamu
nikakata, nikatia sahihi pembeni, naye akatia yake.

Banda limejaa. Picha zimehamia sebuleni,
nyuma ya kabati, chini ya kitanda cha watoto;
moja imeziba dirisha lililovunjika kioo
na hiyo ndiyo pekee inayosifiwa na kila mgeni
kwa kuzuia upepo.
Ausi anapiga chafya za tapentaini,
anauliza kama nyumba hii bado ina mlango wa watu.

Mwezi wa saba ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
unakaa barazani bila kubisha hodi.
Nimeuchora. Nyeupe yote nimeimaliza.
Kila nikiuweka unakuwa ukuta.
Nikalia, mtu mzima, karani, mama wa watatu,
nalilia ukungu.
Kisha nikachukua kitambaa cha vyombo
nikaifuta picha kwa hasira,
na pale nilipofuta
ukungu ukabaki.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Juzi umeme ulikatika.
Nikamkuta Ausi bandani na tochi ya simu,
anazigeuza picha moja moja
kama anayetafuta hati ya shamba.
"Mimi hujanichora."
"Nimekuchora mara saba."
"Wapi?"
Nikamwonyesha: anayepachika mnyororo wa baiskeli,
anayeinamia ndoo bombani,
anayeshika njia ya Mahuta alfajiri, jembe begani.
"Zote hizi mgongo."
Ndiyo. Nyuso sijaziweza.
Mikono ndiyo usiseme.

Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa,
akavua kofia,
akajimulika usoni,
akakunja macho kwa ule mwanga.
"Fanya haraka," akasema,
"chaji imebaki asilimia kumi na moja."