Mteremko wa Salgaa

Chelagat amefunga mkanda, daftari pajani.
Gari halina jina bado; mlangoni limeandikwa
kwa chaki: la tatu.
La kwanza lilizimika Mau Summit. La pili
lilivutwa na trekta, watoto wakishangilia.

Kupanda, petroli. Sawa.
Lakini hapa, malori yanaponuka breki zilizoungua,
injini yetu inanyamaza
na mshale wa betri unainuka, kidogo, kidogo:
mlima, kama mwenye duka mwaminifu,
unarudisha chenji.

“Wizara itatupa pesa?” namuuliza.
Anaandika: kilomita mia, lita nne.
Anafikiri. Anafuta.
Nne na nusu.

Tunaingia Nakuru na betri iliyojaa,
kuelekea kiwanda
kilichokatiwa stima Jumanne.